Ubongo hufanya kazi hata kivulini

Na Mwandishi Wetu

Tuseme yupo karani mmoja wa hesabu katika ghala la bidhaa. Ni mwisho wa mwezi, na mizania yake inamkataa: upande mmoja unauzidi wa pili kwa shilingi 5,400. Karani huyo amejumlisha tangu asubuhi. Amepekua stakabadhi moja baada ya nyingine, leja ameirudia mara tatu, na kila akifika chini ya ukurasa zile shilingi 5,400 zingali zinamkodolea macho. Jioni anafunga vitabu kwa uchungu, anapanda basi na kurudi nyumbani. Anachota ndoo ya maji, anaingia bafuni. Kata ya tatu haijaisha kumwagika mgongoni, mara anasimama wima kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tarakimu zimebadilishana nafasi! Stakabadhi ilisema 58,200, naye aliandika 52,800.

Kalamu hana, leja hana, na wala hakuwa akiwaza hesabu. Alikuwa anaoga tu.

Jambo hili si geni kwa msomaji yeyote. Fundi cherehani aliyeshindwa na mkato wa gauni jioni huamka asubuhi akiuona mkato huo kana kwamba umechorwa ukutani. Mama aliyekutana na mtu sokoni na kulikosa jina lake, jina likamcheza ulimini mpaka akaona haya, hulipata saa mbili baadaye akiwa anachambua mchele. Katika muda huo wote ubongo ulikuwa ukifanya nini? Na kama majibu mengine huja tunapopumzika, mbona watu wengi huona aibu kuonekana wamepumzika?

Swali hili la pili ndilo zito. Katika nyumba zetu na katika sehemu nyingi za kazi, mtu aliyekaa kimya akitazama mti huhesabiwa kuwa mvivu, na yule anayehangaika tangu alfajiri hadi usiku wa manane ndiye asifiwaye. Hapana shaka juhudi ni jambo jema. Lakini yafaa tujue mwili wetu umeumbwa vipi, ili juhudi hiyo isije ikapotea bure.

MLAJI MMOJA KATI YA HAMSINI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili huitumia ukiwa umetulia. Fikiria bwalo la kiwanda lenye wafanyakazi hamsini na sahani hamsini za chakula, kisha mfanyakazi mmoja akajilia sahani kumi peke yake. Huyo ndiye ubongo.

Mtu angedhani mlaji huyo hula sana pale tu tunapofikiri kwa bidii. Sivyo. Mwaka 1955, Louis Sokoloff na wenzake nchini Marekani walipima kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na ubongo wa watu waliokuwa wamejilaza wakipumzika, kisha wakawapa watu hao hao hesabu za kufanya kichwani. Matumizi ya ubongo mzima hayakubadilika kwa kadiri ya kupimika. Kwa maneno mengine, yule aliyejilaza alikuwa na ubongo unaokula karibu sawasawa na wa yule anayetaabika na hesabu.

Kabla ya hapo, daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger, katika mji wa Jena, alikuwa amekwisha kugundua jambo lililofanana na hilo. Mwaka 1924 alifaulu kunasa mikondo midogo ya umeme itokayo katika ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akayatangaza matokeo yake. Aliona kuwa mtu anapotulia na kufumba macho, umeme huo haukomi, bali hujipanga katika mawimbi ya taratibu yapandayo na kushuka kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde. Mtu akifumbua macho, mawimbi hayo hufifia. Utulivu, kumbe, una mwendo wake katika ubongo. Si ukimya mtupu.

Mwaka 2001 mtaalamu mwingine wa Marekani, Marcus Raichle, pamoja na wenzake katika mji wa St. Louis, walieleza jambo la ajabu zaidi. Zipo sehemu za ubongo ambazo shughuli yake hupungua mtu anapopewa kazi ya kumshughulisha, na huongezeka anapoachwa bila kazi. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba sehemu hizo hushiriki tunapokumbuka yaliyopita, tunapowazia yajayo, na tunapojaribu kuelewa mawazo ya watu wengine. Mtu akikaa barazani akitazama mvua, sehemu hizo ndizo zinazoshika zamu.

KUKU HAATAMII KIOTA KITUPU

Ndugu msomaji asije akaharakia kusema, "Basi mimi nalala, mawazo yatakuja yenyewe." Hapo ndipo wengi hupotea njia.

Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Graham Wallas, aliandika kitabu juu ya sanaa ya kufikiri. Alieleza kuwa wazo jipya hupita katika hatua nne. Kwanza ni matayarisho: mtu hulitafiti jambo, hulijaribu huku na huku, hushindwa na kurudia. Pili ni kuatamia: huliacha jambo lenyewe na kufanya mengine. Tatu ni mwanga: jibu humjia ghafla. Nne ni uhakiki: huketi tena na kulipima jibu hilo kama ni kweli.

Neno hilo la kuatamia limekaa mahali pake. Kuku huonekana hafanyi lolote, ametulia tu kiotani siku 21, na hali chini yake kazi kubwa inaendelea. Lakini kuku haatamii kiota kitupu. Lazima mayai yawepo kwanza. Yule karani wetu alipata jibu bafuni kwa sababu kutwa nzima alikuwa ametaga mayai: kila stakabadhi aliyoipekua ilikuwa yai. Jirani yake, ambaye hakuiona leja ile, angeoga pipa zima la maji asipate kitu.

Mifano ya watu mashuhuri inathibitisha hivyo. Mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Poincaré, alisimulia mwaka 1908 jinsi alivyohangaika kwa siku kumi na tano na tatizo moja la hisabati, akiketi mezani kila siku asipate kitu. Baadaye alikwenda safari ya kuchunguza miamba, na katika mizunguko ya safari hisabati ikamtoka kichwani. Walipofika mji wa Coutances walipanda gari la abiria. Mara tu alipokanyaga ngazi ya gari hilo, wazo likamjia likiwa limekamilika. Hakuwa na nafasi ya kulihakiki pale pale. Alikaa kitini akaendelea na mazungumzo, na aliporudi nyumbani ndipo alipolithibitisha. Hatua zote nne za Wallas zimo katika safari hiyo moja.

Kisa cha Otto Loewi, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Graz, Austria, kinachekesha na kufundisha. Tangu mwaka 1903 alikuwa na wazo kwamba huenda mishipa ya fahamu huwasiliana na moyo kwa njia ya kemikali, lakini hakujua namna ya kulithibitisha. Miaka mingi ikapita. Usiku mmoja aliota, akaamka, akaandika maneno machache katika kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Alishinda siku nzima akitaabika kukumbuka. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likamrudia. Safari hii hakuiamini karatasi. Aliondoka akaenda maabara moja kwa moja.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, iliyokuwa ingali ikipiga. Alichokoza mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, na moyo huo ukaenda polepole. Kisha akachukua maji yaliyokuwa katika moyo huo, akayatia katika moyo wa pili. Nao ukaenda polepole, ingawa mshipa wake haukuguswa. Kemikali ilikuwa imeupeleka ujumbe. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Ndoto ilikuwa ya usiku mmoja, lakini swali lilikuwa la miaka mingi.

Nasi hapa nchini tunao mfano wa swali lililotunzwa. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa haba, naye akaharakisha kuweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, lakini swali hakulitupa. Alilibeba mpaka Shule ya Mkwawa, Iringa, na huko akamwuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Walioila aiskrimu walikuwa wengi. Aliyebaki na swali alikuwa mmoja.

YASEMWAYO VIJIWENI

Kwa kuwa habari za ubongo hupendwa sana, uzushi nao haukosi. Husemwa kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Si kweli. Vipimo vya kisasa vinaonyesha kuwa sehemu zote za ubongo zina kazi, na jeraha hata katika sehemu ndogo huweza kumpotezea mtu usemi, kumbukumbu au nguvu za mkono.

Husemwa pia kwamba wasanii hutumia upande wa kulia wa ubongo na wahasibu upande wa kushoto. Msingi wa maneno hayo ni kazi ya Roger Sperry, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kuonyesha kuwa pande mbili za ubongo zina ustadi tofauti. Kutofautiana huko ni kweli. Lakini mwaka 2013 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipotazama picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, hawakukuta ushahidi kwamba kila mtu ana upande mmoja unaomtawala.

Kwa hiyo asiwepo mfanyakazi wa kusema, "Mimi sikuzaliwa na ubongo wa ubunifu." Mpishi anayepika chakula kizuri kwa fedha chache ni mbunifu, na makanika anayechonga kipuri kisichopatikana dukani ni mbunifu. Wanachohitaji ni kazi ya kutosha na mapumziko ya kutosha.

USINGIZI NA USALAMA

Mapumziko makuu kuliko yote ni usingizi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu zoezi la namba lililokuwa na njia ya mkato iliyofichika. Wote walianza zoezi, kisha wengine wakalala saa nane na wengine wakakaa macho muda kama huo. Waliporudia zoezi, waliolala waliigundua njia ile ya mkato kwa zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa macho.

Mzazi anayemlazimisha mtoto akeshe na daftari usiku kucha kabla ya mtihani na aitafakari habari hiyo. Usingizi ni sehemu ya kusoma. Mtoto aliyesoma jioni akalala vizuri hujifunza zaidi kuliko aliyesinzia juu ya kitabu hadi majogoo.

Upande wa usalama, jambo ni zito zaidi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Katika nchi nyingi, kiwango hicho humkataza dereva kushika usukani. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri, ikifika saa tatu usiku amekwisha kutimiza saa 17. Hajaonja hata tone la pombe, na askari hatanusa kitu mdomoni mwake. Lakini abiria aliowabeba wako mikononi mwa mtu ambaye ubongo wake umelewa uchovu. Hali kadhalika anayesimama mbele ya msumeno wa mbao, au anayempimia mgonjwa dawa, baada ya zamu mbili mfululizo.

Kwa sababu hiyo mapumziko hayakuachwa yawe hisani ya msimamizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo, saa 24 za mapumziko kila wiki, na siku 28 za likizo ya mwaka. Mfanyakazi anayejivunia kwamba hajachukua likizo kwa miaka kadhaa haisaidii sana sehemu yake ya kazi. Analeta kazini ubongo uliochoka, na makosa yake watayalipa wenziwe.

NANI ANAPUMZIKA NYUMBANI?

Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Baba arudipo kazini hukaribishwa kiti, maji na gazeti. Mama naye ametoka kazini, au ameshinda akiuza genge, lakini yeye hupita moja kwa moja jikoni. Baadaye ataosha vyombo, atawalaza watoto, atakagua sare za shule, na kesho ndiye wa kwanza kuamka. Ikiwa kila binadamu ana ubongo unaohitaji muda wa kuatamia, kwa nini muda huo ugawiwe mtu mmoja tu nyumbani?

Baba akiosha vyombo au kuwaogesha watoto, huwa amempa mkewe nusu saa. Nusu saa hiyo yaweza kuwa ndiyo atakayopata mama jibu la namna ya kulipa ada, au wazo la biashara litakaloisaidia jamaa nzima. Watoto nao waachiwe muda wa kucheza bila kuamrishwa. Mtoto anayeunda gari kwa mabati na vifuniko vya chupa hapotezi wakati.

JINSI YA KUPUMZIKA

Si kila kukaa ni kupumzika. Pombe huleta usingizi wa haraka, lakini huuvuruga usingizi huo usiku unavyoendelea. Simu ya mkononi nayo hula zile nafasi ndogo ambazo zamani zilikuwa za akili kutembea: kituoni tukingoja basi, foleni ya maji, dakika za kabla ya kulala. Mtu hujidhani amepumzika, kumbe ameipa akili kazi nyingine.

Zipo njia zisizo na gharama. Ya kwanza ni kutembea. Mwaka 2014 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuta kuwa watu wanapotembea hutoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko wanapokaa. Mwenye tatizo lililomkwama na ashuke kituo kimoja kabla ya chake, amalizie kwa miguu, mradi njia ni salama.

Ya pili ilienezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu chake cha mwaka 1929. Jilaze chali mahali patulivu. Kaza misuli ya nyayo kwa sekunde chache, kisha ilegeze kabisa uusikie uzito wake. Fanya hivyo kwa miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega, hata uso. Watu wengi hushangaa kugundua kuwa mabega yao yalikuwa yamekazwa tangu asubuhi wenyewe wasijue.

Ya tatu tunajifunza kwa Loewi: weka kalamu na karatasi karibu na kitanda. Lakini andika mwandiko unaosomeka!

Turudi kwa karani wetu. Alipotoka bafuni hakushangilia tu. Asubuhi aliwahi kazini, akafungua leja, akaitafuta ile stakabadhi, akaihakiki na kusahihisha. Zile shilingi 5,400 zikatoweka. Jibu lilimfikia akiwa bafuni, lakini kazi iliyolizaa aliifanya mezani, na mezani alirudi kuikamilisha.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wengi wetu huikazania nusu ya kwanza ya methali hiyo tukaisahau ya pili, na wachache huikimbilia ya pili bila kuionja ya kwanza. Leo ni Jumapili, ndugu msomaji. Ikiwa wiki nzima umechumia juani, keti kivulini bila kuona haya, na umwangalie aliye jikoni kama naye amepata kivuli.